Msamaha wa Chifu Tuiloma

Chifu Tuiloma alianguka chali katikati ya barabara, saa ya sala, mbele ya nyumba ya mchungaji, na shuka lake likabaki mkononi mwa Filimoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na atakayekusimulia vingine hakuwepo. Wengine wanasema Filimoni alimpiga ngumi. Wengine wanasema alimvua nguo makusudi. Uongo mtupu. Filimoni hakumpiga mtu.

Sala ya jioni kwetu si jambo la mchezo. Baragumu likilia mara ya pili, kila mtu awe ameingia ndani, kila nyumba iwe inaimba wimbo wake, na barabarani wabaki vijana wa zamu tu, wamejifunga shuka za rangi moja, wanahakikisha hapiti mtu, gari wala mbwa. Ukivunja amri hiyo, nyumba yenu inajibu mbele ya baraza la machifu. Filimoni alitoka nyumbani kifua wazi, akaenda akajipanga pembeni mwa vijana hao, akasimama wima na mikono nyuma. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kichwani mwake, tangu akili ianze kumchezea, bado alikuwa wa zamu.

Tuiloma, ambaye ndiye msimamizi wa zamu, alimfuata taratibu.

"Nenda nyumbani, wewe."

"Siwezi kuacha zamu, Chifu."

"Nani amekupa zamu?"

"Wewe."

Na ni kweli. Miaka mingi nyuma, Filimoni alipokuwa kijana wa kutegemewa, Tuiloma mwenyewe ndiye aliyemweka pale. Vijana wawili wakacheka puani. Tuiloma akamshika mkono amvute, Filimoni akautoa mkono wake na kushika alichokikuta mbele yake, na alichokikuta ni shuka la chifu. Mzee akateleza. Tumbo lote nje, na chini ya tumbo hakuna cha kuficha. Watoto waliokuwa wanachungulia kutoka nyumba tatu za karibu wakaangua kicheko, na nyimbo zikakatika, moja baada ya nyingine, hadi kijiji kizima kikawa kinasikiliza kicheko cha watoto.

Kicheko hicho ndicho kilichomuuma chifu. Mgongo haukumuuma.

Pepetua, dada yake Filimoni, alikuwa ndani na mama yao akiimba. Alipoona amri imeshavunjika, naye akaivunja, akakimbia barabarani, akalitoa shuka kwenye vidole vya kaka yake na kumpa chifu huku ameangalia ardhi.

"Tusamehe, Chifu."

Tuiloma alijifunga polepole, akakaza fundo. "Mtasamehewa mahali pake," alisema.

* * *

Jumatatu baraza lilikaa. Nyumba ya baraza kwetu haina kuta, ina nguzo tu, na kila chifu ana nguzo yake ya kuegemea kulingana na jina la uchifu analolibeba. Asotasi, mjomba wao Pepetua na Filimoni, ndiye aliyebeba jina la nyumba yao. Jina lenyewe dogo, nguzo yenyewe iko nyuma, karibu na mahali mvua inapoingilia. Pepetua alikuwa upande wa jikoni na wanawake waliokuwa wakikoroga koko, kakao ya moto ya wazee. Hakutakiwa kusema. Kusikia hakukatazwi.

"Yule ni mgonjwa, wazee wangu," alianza Asotasi. "Mnamjua wote."

"Mgonjwa wa nini?" aliuliza chifu mmoja mnene. "Anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Analala kidogo."

"Anatembea hadi zamu ya watu. Sasa ni mgonjwa gani huyo anayemweka chini mtu mzima?"

Wazee wakacheka. Tuiloma hakucheka. Alikuwa ameegemea nguzo yake ya mbele, anafuta miwani kwa ncha ya shati.

Mzee mmoja wa nguzo za nyuma akakohoa. "Mimi nauliza tu. Krismasi hapa lilipita gari, sala ikiendelea, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Mbona lile hatukulikalia kikao?"

Koko ikaacha kukorogwa. Gari lile liliendeshwa na mtoto wa dada yake Tuiloma.

"Yule alikuwa na haraka," alisema chifu mnene.

"Alikuwa amelewa."

"Basi ndiyo hiyo haraka. Tuendelee na la leo."

Wakaendelea na la leo. Halikuchukua muda. Kosa la mmoja ni kosa la nyumba, na nyumba iliyomweka uchi chifu hadharani haiwezi kulala tena katika kijiji hiki. Wapewe mpaka Jumamosi jua kuzama. Wakikutwa baada ya hapo, vijana wa zamu wanajua kazi yao.

"Wote?" aliuliza Asotasi. "Na dada yangu? Dada yangu hatembei. Macho yenyewe hayaoni."

"Abebwe."

"Abebwe kwenda wapi?"

Swali hilo halikuwa la baraza. Mwenyekiti wa kikao akagonga mkeka, mambo mengine yakaingia: bomba la maji, rangi ya paa la kanisa. Asotasi akabaki anatazama magoti yake. Pepetua alipitisha vikombe vya koko, kimoja kwa kila chifu, kwa adabu zote, na alipofika kwa Tuiloma tone likaanguka juu ya mkeka. Akalifuta kwa kiganja, akaomba radhi kwa hilo pia.

* * *

Zahanati iko mwendo wa saa moja kwa miguu, ng'ambo ya mto. Nesi Melesala alimwona Pepetua akiwa bado mlangoni akajua kilichomleta.

"Haijaja," alisema kabla hajasalimiwa.

"Sijauliza bado."

"Sindano ya Filimoni haijaja. Feri imekuja mara mbili, masanduku nimefungua mwenyewe. Wameleta pamba na dawa za minyoo."

"Mwezi wa tatu uliniambia nirudi mwezi wa nne."

"Nakumbuka."

"Wa nne ukaniambia wa tano."

"Nakumbuka, dada. Usinihesabie."

Pepetua akakaa kwenye benchi. Miguu ilikuwa na tope hadi kwenye magoti. Filimoni akipata sindano moja kila mwezi, huwa mtu kama watu wengine. Anapanda majimbi, anachonga makasia, anaimba sauti nene kanisani hadi vioo vinatetemeka. Akikosa mwezi mmoja anaanza kuongea na watu wasioonekana. Sasa alikuwa amekosa mitatu.

"Niandikie barua basi," alisema. "Andika kwamba si yeye. Andika kwamba dawa ndiyo haikuja."

Nesi alitazama mlangoni. "Nikiandika hivyo itaonekana nimeisema wizara. Mimi nina watoto watatu na nyumba ya serikali."

"Andika kwamba anaumwa."

"Hilo nani halijui? Hata Tuiloma analijua. Mimi ndiye niliyemwambia, mara ya kwanza kabisa Filimoni alipoanza. Alilia, Tuiloma. Sikudanganyi."

Pepetua hakuwa na la kufanya na machozi ya zamani. Aliuliza kuhusu hospitali kuu, ile ya kisiwa cha pili.

"Ukimpeleka mwenyewe, atakaa benchi kutwa nzima, atapewa kidonge cha kulala, mtarudi na feri ya jioni. Akipelekwa na polisi, hapo wanalazimika kumpokea."

"Basi polisi wampeleke, apate sindano."

"Ngoja nimalize. Wanampokea, lakini vitanda vya wagonjwa wa akili havifiki kumi. Vikijaa, anawekwa mahabusu, na wezi na walevi, mpaka kipatikane kitanda."

"Na sasa hivi vimejaa?"

Nesi Melesala alifungua kabati, akatoa vidonge vinane, akavifunga kwenye kipande cha gazeti. "Hivi ni vya mtu mwingine," alisema. "Aliyefariki. Mpe nusu asubuhi, nusu jioni. Vitamtuliza kidogo, havitamponya. Na ukiulizwa, hujavitoa kwangu."

* * *

Alipofika nyumbani alimkuta Mjomba Asotasi amekaa kando ya kitanda cha mama yao, Mama Lagi, wanakula shelisheli la kuchoma na samaki kutoka sahani moja. Mbele ya nyumba, hatua tano tu kutoka mlangoni, lilikuwepo kaburi la baba yao, limejengwa kwa saruji na kupakwa chokaa, na juu yake Pepetua alikuwa ameanika nguo asubuhi. Tunazikana mlangoni kwetu. Ukihamishwa kijiji unabeba sufuria na godoro, lakini kaburi huwezi kulibeba.

"Nimepata njia," alisema Asotasi. "Mkeka."

Pepetua alijua mkeka upi. Katika nyumba yao ulikuwepo mmoja tu wa heshima, laini kama hariri, aliousuka mwenyewe kwa majani ya mkadi yaliyochanwa membamba kuliko uzi wa kushonea. Ulimchukua miaka mitatu. Ulikunjwa chini ya godoro la Mama Lagi, ukingoja siku ya kumzika.

Mkosaji anaweza kwenda alfajiri na watu wa nyumba yake, wakakaa chini mbele ya nyumba ya waliyemkosea, wakajifunika mkeka kama huo. Hawasemi neno. Maisha yao yako mikononi mwa mwenye nyumba. Akitaka awapige mawe, akitaka awaache hapo hadi wachoke. Lakini akitoka akauinua mkeka kwa mkono wake, amesamehe, na jambo lile limekufa. Hata baraza halilifufui. Na anayethubutu kulisema tena, awe wa upande wowote, amekosa upya na kosa lake ni kubwa kuliko la kwanza.

"Tuiloma hatauinua," alisema Pepetua.

"Nimeongea naye. Amesema tukija atauinua."

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Amesema. Tumeongea mambo mengi." Asotasi aliokota mwiba wa samaki sahanini, akaukagua, akaurudisha. "Muhimu ni kwamba atauinua."

Pepetua hapa alitakiwa aulize mambo mengi ni yapi. Hakuuliza. Furaha ilimpanda ghafla, na mtu aliyekaa siku tatu bila tumaini hawezi kulikagua linapokuja. Alimgeukia mama yake.

"Mama, ni mkeka wako."

"Mimi nifunikeni shuka la kanisani," alisema Mama Lagi. "Nitajuaje tofauti? Chukueni. Mwanangu abaki kwake."

Filimoni alikuwa nje, amekaa juu ya kaburi la baba yake miongoni mwa nguo zilizoanikwa. Pepetua akamwita ndani, akampa nusu ya kidonge, kisha akatandua shuka la kitandani.

"Kesho kutwa tunakwenda kwa Chifu Tuiloma. Tutakaa chini, tutajifunika. Tujaribu."

"Tukafanye nini?"

"Kuomba radhi."

"Sawa," alisema Filimoni. "Alianguka vibaya."

Walikaa wote wawili chini ya shuka, magoti yamegusana. Mara ya kwanza alitoka kabla hata ya kuhesabu kumi. Joto, alisema. Mara ya pili alitoka kwa sababu watu wake walikuwa wanaongea sana humo ndani.

"Waambie nao wakae," alisema Pepetua.

"Hawanisikii."

"Basi waache waongee, wewe nisikilize mimi. Hutanyanyuka. Wakitutukana, hujibu. Mtu akikugusa, humsukumi. Unanielewa? Mtu yeyote akikugusa, humsukumi."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikuambie."

"Uniambie wewe? Au Chifu?"

"Mimi."

Filimoni alifikiri. "Haya. Wewe sijawahi kukukatalia."

Na hakuwahi. Kwetu kaka ni mtumishi wa dada yake tangu utotoni, humbebea, humpigania, hula baada yake. Filimoni alitimiza hayo yote hadi akili ilipomtupa mkono. Tangu hapo, kila sindano ilipokosekana, dada ndiye aliyekuwa akimwogesha. Mara ya tatu alikaa muda mrefu, kimya, hadi Mama Lagi akauliza kama wametoka. Pepetua alimsifu, naye akatabasamu, akapapasa mashavu yake.

"Ninyoe," alisema. "Siendi kwa Chifu hivi."

* * *

Ijumaa, kabla jua halijachomoza, walikuwa wameshakaa mbele ya nyumba ya Tuiloma, watatu, juu ya changarawe. Asotasi kushoto, Filimoni katikati amenyolewa na kuvaa shati jeupe, Pepetua kulia. Mkeka ukawafunika vichwa na mabega. Ulinuka godoro la Mama Lagi.

Walisikia nyumba ikiamka. Walisikia mke wa chifu, Fetuao, akifungua maji, kisha akisimama.

"Wapo," alisema Fetuao.

"Nimewaona," ilijibu sauti ya Tuiloma.

"Kuna baridi."

"Acha kwanza ninywe chai."

Akanywa chai. Sijui ni chai gani inayonyweka jua linapanda, linafika juu ya mapaa, na watu watatu wako kwenye changarawe. Mbwa alikuja akawanusa, akaondoka. Watoto wa shule walipita, mmoja akamwiga chifu akianguka na wenzake wakamnyamazisha huku wanacheka. Kokoto moja ikapiga mkeka. Haikuwa na nguvu, mtoto alikuwa anajaribu tu. Chini ya mkeka hewa ilikwisha, jasho la Asotasi likawa linadondoka. Miguu ya Pepetua ilikufa ganzi tangu zamani.

"Dada," alinong'ona Filimoni.

"Kimya."

"Nataka kukojoa."

"Vumilia."

"Nimevumilia."

"Wanakaribia kutoka. Vumilia kidogo."

Hawakuwa wanakaribia kutoka. Alisikia kijiko kikigonga sahani. Baadaye kidogo goti lake likahisi umajimaji wa moto ukipita kwenye changarawe, ukaloanisha nguo yake na ncha ya mkeka.

"Samahani," alisema Filimoni. "Uliniambia nisinyanyuke."

"Haidhuru. Umefanya vizuri."

Alimshika kidole kimoja, kile cha mwisho, akakishikilia. Alikuwa anamwonea fahari. Mtu mwenye akili zake timamu angekuwa amekwisha kukimbia, na huyu alikaa, amelowa, anatetemeka, watu wake wote wanapiga kelele kichwani mwake, kwa sababu tu dada yake alimwambia akae.

Ndani Fetuao alipandisha sauti. "Umewatesa vya kutosha. Toka, au natoka mimi."

"Wewe huna jina la kuuinua."

"Basi lipeleke hilo jina lako nje likafanye kazi yake."

Pepetua alisikia gari likija barabarani na kusimama mahali fulani nyuma yao. Hakulitilia maanani, lori la mikate hupita saa kama hizo. Kisha hatua kwenye changarawe, nzito, za mtu asiyeharakishwa, na mwanga ukamwingia machoni kwa nguvu hadi akayafumba. Mkeka ulikuwa juu, mkononi mwa Tuiloma.

"Inatosha," alisema chifu. "Inukeni. Nyumba yangu ni nyumba yenu. Lililopita limekwenda na maji."

Asotasi aliangua kilio, akakumbatia miguu ya Tuiloma. Fetuao akatoka na shuka kavu, akalitupa mabegani mwa Filimoni, akalizungusha haraka kiunoni ili watu wasione. Pepetua alitaka kusimama, miguu ikakataa, akacheka. Alicheka kweli, kwa sauti, ameegemea mikono yake. Kesho jua lingezama nao wangekuwa kwao. Mama angelala palepale. Filimoni angesubiri sindano kwenye kitanda chake, iwe ya mwezi wa sita, iwe ya mwezi wa saba.

"Karibuni ndani, mle," alisema Tuiloma. Kisha, bila kubadilisha sauti: "Ninyi wawili."

Hapo Pepetua akageuka.

Lori halikuwa la mikate. Lilikuwa jeupe na buluu, na polisi wawili walikuwa wameshashuka. Mmoja alikuwa anamfahamu, mtu wa kijiji cha pili, waliwahi kuimba kwaya moja wakati wa Pasaka.

"Mjomba," alisema Pepetua.

Asotasi hakuinua uso kutoka miguuni mwa chifu.

"Mjomba, hiki nini?"

"Hilo ndilo lililokuwa sharti," alisema Asotasi, uso ndani ya shuka la chifu. "Nyumba inabaki, yeye anaondoka. Ningekuambia ungekataa. Sote tungekuwa barabarani, na mama yako juu ya mkokoteni."

"Anapelekwa kutibiwa," alisema Tuiloma. "Nimewaambia wamtendee kwa upole. Mimi sina kinyongo naye, nimeshasamehe. Lakini kijiji kina watoto."

Pepetua alifungua mdomo. Nataka ujue alitaka kusema nini, kwa kuwa hakusema. Alitaka kusema vitanda vimejaa. Alitaka kusema kule watamlaza sakafuni na walevi, watampiga akiongea peke yake, watamnyang'anya shati. Alitaka kusema habari za gari la Krismasi. Lakini mkeka ulikuwa mkononi mwa chifu. Umeshainuliwa, jambo limeshakufa, na neno moja tu la ubishi kutoka kwake lingelifufua. Kosa lingekuwa jipya na kubwa kuliko la kwanza. Kufikia kesho mama angebebwa, na Filimoni angechukuliwa vilevile. Alizungusha macho akitafuta mtu wa kumsemea. Vijana wa zamu walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara. Fetuao alikuwa ameweka mkono mdomoni, na Pepetua alipomtazama, akaingia ndani.

Polisi waliinama, mmoja kila upande, wakamshika Filimoni mikono. Alikuwa bado amekaa. Wote walikuwa wamesimama, yeye tu alikuwa amekaa, kichwa ameinamisha kama alivyofundishwa. Misuli ya shingo ilimkakamaa. Alikuwa na nguvu bado, hao wawili angewarusha hadi ukutani. Alimtafuta dada yake kwa macho.

"Dada," aliuliza, "bado?"

Polisi yule wa kwaya alikuwa ameshagusa rungu lake kiunoni. Hakulitoa. Alikuwa anangoja jibu kama wengine.

"Bado," alisema Pepetua. "Tulia vivyo hivyo. Usimsukume mtu."

"Sawa."

Wakamfunga mikono kwa kamba ya plastiki. Hakusukuma mtu. Wakamwinua, akatazama tena, naye Pepetua akamwambia atembee nao, akatembea. Alipanda nyuma ya gari mwenyewe, akainamisha kichwa asigonge chuma, akakaa. Kutoka dirishani alikuwa anamwangalia midomo, asije akaikosa amri ya kunyanyuka.

* * *

Ndani, mikeka ya kukalia ilikuwa imetandikwa na sahani zimepangwa: majimbi, tui zito, nyama ya kopo, koko yenye wali. Aliyesamehe hulisha, na aliyesamehewa hula, ndipo jambo linapofungwa mbele ya Mungu na watu. Baada ya hapo hushukuru. Anayeshukuru ni mwenye jina la nyumba, lakini Asotasi alijaribu mara mbili na mara mbili akaishia kulia. Mchungaji, aliyekuwa amefika kwa ajili ya sala, akamtazama Pepetua. Nyumba nzima ikamtazama.

Kuna maneno ya shukrani kama hizo, ya zamani, marefu, hayarukwi. Pepetua aliyajua tangu utotoni. Alikunja miguu yake iliyochubuka, akaketi sawasawa kwenye nguo iliyolowa, akaanza. Alimshukuru Mungu wa mbinguni. Alilitaja jina la Tuiloma na majina ya waliolibeba kabla yake, moja moja, kwa mpangilio wake. Alishukuru mkono ulioinua mkeka. Nje gari la polisi liligoma kuwaka, likagoma tena, vijana wa zamu wakaitwa kulisukuma, na yeye aliendelea. Alishukuru mama wa nyumba na moto wa jiko lake. Gari likawaka. Aliposhukuru kijiji kwa kumwachia mama yake mahali pa kulala, mlio wa gari ulikuwa umeshafika darajani, na sauti yake haikupanda wala haikushuka.

Tuiloma alimsikiliza hadi neno la mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dada huyu amelelewa," alimwambia mchungaji. "Hakukosea hata jina moja."

Kisha akamsogezea sahani. Pepetua akaosha mikono, akala.